Tapu nne, tundu moja

Kwenye droo yangu ya kushoto kuna tapu nne, vile vyuma vya kukatia nyuzi za skrubu ndani ya tundu, ambazo ukizimwaga mezani huwezi kuzitofautisha, mpaka uvae miwani usome maandishi shingoni. Moja ni 2BA na moja ni BSF ya 3/16, hizi ni saizi za nyuzi za Kiingereza, moja ni ya Kimarekani namba 10 yenye nyuzi 32 kwa inchi, na ya mwisho ni M5, yaani ya milimita 5, hii ya kila siku ambayo hata fundi wa fenicha anayo. Unene wake, milimita 4.7, 4.76, 4.83 na 5.0. Hatua, yaani umbali wa kutoka uzi mmoja mpaka unaofuata, ni 0.81, 0.79, 0.79 na 0.8. Sasa niambie we mwenye macho makali utajua ipi ni ipi? Wiki tatu zilizopita nilikuwa na tundu moja mbele yangu, tundu la mtambo wa bunduki ya zamani, na hizo nne zimejipanga pembeni kama wachumba, kila mmoja anasema mimi hapa mimi hapa. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa wa kuolewa.

Kwa wageni, mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa kukereza, niko Birmingham huku Uingereza mwaka wa 14 sasa. Mchana nakereza vipuri kiwandani, jioni na wikendi niko kwenye banda nyuma ya nyumba natengeneza mitambo ya bunduki za kale. Nikisema mtambo namaanisha ile sehemu ya ubavuni, bamba la chuma lenye nyundo nje na springi na vidubwana vingine kwa ndani, ile inayotoa cheche kwenye bunduki ya gumegume au inayogonga fataki kwenye zile zilizofuata. Mtutu siugusi, baruti sishughuliki nayo, wateja wangu ni watu wa kutundika ukutani na kupanga kabatini. Sheria ya silaha ya huku ya 1968 inaruhusu mtu kukaa na bunduki ya kale kama pambo bila leseni, ila akitaka kuipiga hapo ni habari nyingine kabisa. Na kwetu usije ukasema nilikushauri mimi, Tanzania gobori bila kibali ni kesi, hata kama ni la babu na kutu imelila nusu.

Basi akaja mzee mmoja, ana bunduki ya fataki ya mtutu mmoja ya baba wa babu yake. Chini ya mtutu kuna mihuri ya nyumba ya ukaguzi ya Birmingham, fimbo mbili za kifalme zimepishana na taji juu. Nyumba hiyo ilianzishwa 1813 na mpaka leo ipo pale pale Banbury Street, inafanya kazi, napita karibu nayo nikienda mjini. Mtambo wake mzuri sana, springi haijafa, nyundo inapanda kwa sauti mbili safi, tik, tak, yaani unasikia kabisa mtu aliyeitengeneza alikuwa anajua. Tatizo moja tu, skrubu ya mbele inayofunga mtambo kwenye mti, yaani ile mbao ya bunduki, haipo. Hizi skrubu zinaingilia ubavu wa pili wa bunduki, zinapita kwenye mti, zinakuja kukamata bamba la mtambo kwa ndani. Mafundi wa hapa wanaziita misumari. Usiniulize kwa nini, ni skrubu yenye nyuzi zake na mfereji wake wa bisibisi lakini jina ni msumari, nilipofika mara ya kwanza mzee mmoja wa karakana aliniambia nilete msumari nikamletea msumari wa mbao, wakacheka mpaka saa ya chai.

Msumari wa nyuma upo. Wa mbele mtu, sijui miaka mingapi iliyopita, aliona haupo akachukua skrubu ya mbao akaishindilia kwenye tundu la chuma! Skrubu ya mbao jamani! Ikaingia kidogo, ikatafuna nyuzi mbili za mwanzo, ikakwama, akaikata kichwa akaondoka zake. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuing'oa hiyo, na nashukuru ilikuwa laini ikatoka kwa keekee ndogo na uvumilivu. Nikabaki na tundu. Bamba pale lina unene wa milimita 4.2 tu, kwa hiyo nyuzi zote ni kama tano, mbili za mwanzo zimepondeka, tatu nzima.

Hapa ndo zile tapu nne zilipoanza kuniita. Nieleze kwa nini sikuwasikiliza.

Miaka sita iliyopita nililetewa mtambo wa gumegume, mkongwe kuliko huu, na tundu la skrubu ya ulimi lilikuwa limechoka. (Ulimi ni kile kipande kinachoshika nyundo isidondoke mpaka uvute triga, mimi naita hivyo, wengine waite watakavyo.) Nikapima skrubu ya zamani, 4.0 na ushee, nikasema ah hii si M4 tu, nikaweka tapu ya M4, mizunguko miwili ikaenda kama siagi. Wa tatu ukawa mzito. Nikatia mafuta. Wa nne nikasukuma, na ndo nikaona vinatoka vinyuzi vyembamba vya chuma kama majani ya chai, na nikajua palepale nimeharibu, lakini unajua tena mkono ukishaanza kazi unataka kumaliza, nikaendelea mpaka mwisho. Uzi wa zamani ulikuwa wa 34 kwa inchi, hatua 0.747. M4 ni 0.7. Tofauti yenyewe huwezi kuiona kwa macho, lakini ukishazunguka mara tano umeshapotea karibu theluthi ya uzi mzima, maana yake tapu haifuati tena njia ya zamani, inachonga njia yake mpya juu ya ile, zinakatana. Tundu la hivyo halishiki skrubu ya zamani wala mpya. Ikabidi nilipanue, nitie kizibo cha chuma, nitoboe upya, na kitu kilichokuwa kimetulia miaka mia mbili kikawa na kiraka kwa ajili ya haraka yangu ya dakika moja. Mwenye mali hakusema kitu. Alilipa nusu, akashukuru, hajarudi tena.

Kwa hiyo sasa nikisikia mtu anasema "weka tu 2BA, zinaingia zote" moyo unaniuma.

Watu wengi wanadhani kuna orodha mahali fulani, kwamba bunduki za Kiingereza ni uzi fulani, za Kifaransa uzi fulani, unanunua tapu unamaliza. Hamna. Kabla ya 1841 hapakuwa na kitu kinaitwa saizi ya kawaida ya uzi huku Uingereza. Mwaka huo Joseph Whitworth ndo alipotoa pendekezo lake, na alichofanya ni kukusanya bolti kutoka karakana nyingi, akapima, akachukua wastani, ndo maana pembe ya uzi wake ni digrii 55, namba ambayo huwezi kuifikiria ukiwa umekaa tu unachora, imetoka kwenye wastani wa bolti za watu. Wale mnaojua injini za Lister za mashine za kusaga mnaijua familia hii, zile spana ambazo hazifanani na za milimita wala za inchi za kawaida. Wamarekani wakaja na digrii 60 zao, William Sellers, 1864. BA ikapendekezwa 1884, ya vitu vidogo, pembe 47 na nusu, na cha ajabu ni ya Waingereza lakini hesabu zake ni za milimita, 0BA ni milimita 6 hatua 1, na kila namba inayofuata hatua yake ni asilimia 90 ya iliyotangulia. Sasa angalia miaka hiyo halafu angalia bunduki ya mzee wangu, ambayo kwa sura yake ni ya miaka ya 1830 hivi. Tapu zote nne za kwenye droo yangu zimezaliwa baada yake! Ni kama kumtafutia babu yako namba ya NIDA kwenye daftari la mkoloni.

(Whitworth huyo huyo baadaye alitengeneza bunduki yenye tundu la pembe sita kwenye mtutu, lakini hiyo nikiianza leo hatulali.)

Wale wa kabla yake walifanyaje? Mitambo mingi haikutengenezwa hata hapa Birmingham mjini, ilitengenezwa vijiji vya pembeni, Darlaston, Wednesbury, mafundi wa tupa, baba na watoto, wanachonga mitambo tupu wanaipeleka mjini kwa wenye majina. Kila karakana ilikuwa na bamba lake la kukatia skrubu, ni kipande cha pua iliyotiwa maji ikawa ngumu, kina matundu yenye nyuzi ya saizi tofauti, unachukua kijiti cha chuma laini unakizungusha humo kinatoka na nyuzi. Ila bamba hili halikati sana, linaminya. Chuma kinasukumwa kinavimba kuelekea juu, kwa hiyo ukiangalia skrubu ya zamani kwa lenzi utaona vilele vya nyuzi vimeviringika, havina ncha, na saa ingine katikati ya kilele kuna kamfereji kadogo pale ambapo chuma cha huku na cha huku havikukutana. Ukiona hivyo ujue hiyo ni ya bamba. Na bamba likichoka wanatengeneza jingine kwa kutumia tapu, tapu ikichoka wanatengeneza nyingine kwa kutumia bamba, hivyo hivyo miaka na miaka, kila kizazi kinapotoka kidogo, kama habari inayotoka mtaa wa kwanza ikifika wa saba aliyevunjika mguu ameshazikwa.

Ndo maana hata skrubu za bunduki mbili za fundi mmoja hazibadilishani. Vipande vya kubadilishana vilikuja baadaye, miaka ya 1850, kiwanda cha serikali cha Enfield kilipoleta mashine kutoka Marekani. Kabla ya hapo kila kitu kilifunguliwa na kufungwa kwa mkono na kila skrubu ilikuwa na tundu lake moja duniani, na nyingi utakuta zimekatwa alama kwa tupa, mkato mmoja, miwili, mitatu, ili fundi asichanganye zake mwenyewe.

Nikifikiria bunduki nyingi za biashara zilizokuja kwetu Afrika zilitoka hapa hapa na Liège kule Ubelgiji, zikashuka Unguja kwa maelfu na kupanda bara na misafara mpaka wakubwa walipoanza kuzuia kwa mkataba wa Brussels wa 1890, na kila moja ilikuwa na skrubu zake za kipekee, nawaonea huruma wahunzi wa Tabora na Ujiji. Tundu likichoka pale, nani atakuja na bamba la Darlaston? Walitengeneza wenyewe tu. Na bila shaka walizitengeneza vizuri maana watu waliendelea kupigia.

Turudi kwenye kazi. Shahidi wangu alikuwa msumari wa nyuma. Nikautoa, nikausafisha kwa mafuta ya taa na mswaki, nikapima juu ya vilele. 4.85. Unaona mtego huo? Namba 10 ya Kimarekani ni 4.83, ningekuwa mtu wa kupima unene tu ningeshasema nimepata. Nikachukua geji ya nyuzi, ile yenye vijani vingi kama feni, nikaweka jani la 32, nyuzi za mwanzo zikaonekana kukaa vizuri. Hapa ndo pa kuwa makini na ndo watu wengi wanapoishia. Nenda dirishani, shika geji na skrubu pamoja, ziwe kati yako na mwanga wa nje, usitumie taa, halafu fuata mstari mpaka mwisho. Mbele kidogo mwanga ukaanza kupenya upande mmoja, mwishoni ukawa wazi kama mlango. Jani la 30 likakaa mwanzo mpaka mwisho bila mwanga. Nikahakikisha kwa vernia, nyuzi kumi zimechukua 8.47. Kwa 2BA ingekuwa 8.1, kwa M5 ingekuwa 8.0. Basi, nyuzi 30 kwa inchi, unene 4.85, hakuna duka linalouza tapu hiyo maana hakuna mtu aliyewahi kuamua kwamba hiyo ni saizi.

Lakini je tundu la mbele ni sawa na la nyuma? Usikisie. Nikachukua ule msumari wa nyuma nikaujaribu tundu la mbele kwa upande wa nje ya bamba, upande ambao skrubu ya mbao haikufika. Mzunguko mmoja na nusu ukagoma. Nikautoa. Sikulazimisha, mkono ulitaka lakini nikauambia kumbuka majani ya chai. Nikachukua kijiti cha meno, nikakichovya mafuta ya taa, nikakizungusha humo ndani nikatoa uchafu mweusi kama lami, mafuta ya mifupa ya karne iliyopita yaliyogandana na kutu. Mara tatu hivyo. Nikaurudisha, ukaingia nyuzi tatu kwa vidole bila bisibisi, ukafika kwenye zile zilizopondwa ukasimama. Hapo nikajua tundu ni lile lile bamba moja, fundi mmoja, na nyuzi tatu nzima zipo. Sikuhitaji kukata uzi mpya, nilihitaji kitu cha kunyoosha zile mbili tu.

Hapo akili ikanirudisha Ngamiani. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha baiskeli, na Tanga kwetu baiskeli ni miguu, kwa hiyo alikuwa na kazi kuanzia alfajiri. Hakuwa na tapu hata moja. Nati ikiharibika nyuzi au tundu la kranki likila, alikuwa anachukua bolti ngumu ya saizi ile ile, anaifunga jiliwani, anaikata mifereji mitatu kwa tupa kutoka ncha kwenda juu, anaikonda kidogo ncha, basi hiyo ndo tapu. Alikuwa nazo kwenye kopo la Blue Band, kila moja na kitambaa cha rangi. Nikimuuliza, "Mjomba, kwa nini usinunue za dukani?" ananijibu, "We mtoto, hiyo ya dukani imewahi kuiona hii baiskeli?" Nilikuwa nacheka. Nimekuja kusoma miaka miwili chuo cha ufundi na kufanya kazi nchi mbili ndo nikamwelewa.

Tapu nikaitengeneza kwa silva stili, kijiti cha milimita 6, ni pua inayouzwa ikiwa laini unaichonga halafu unaitia maji inakuwa ngumu. Mashine yangu ya kukereza ni ya zamani ya inchi, gia zake zinatoa nyuzi 30 kwa inchi, na huo ni msaada mkubwa, mwenye mashine ya milimita atahangaika. Kisu cha kukatia uzi nilikinoa kwa kukilinganisha na msumari wenyewe chini ya lenzi, sikujali 55 wala 60, nikaviringisha ncha yake kwa jiwe la mafuta mpaka ikalala bondeni bila kuacha mwanga. Na siri moja hapa, usiguse kisu wala kukinoa tena mpaka umalize, maana kwa kisu hicho hicho nikakata tapu na msumari mpya kwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, tapu nikaiachia unene wa 0.05 zaidi ili msumari uwe na pumzi. Hata kama umbo la kisu lina kasoro, kasoro ni ile ile pande zote mbili, zinaelewana.

Ncha ya tapu nikaikonda kwa nyuzi nne, nikachonga mifereji mitatu kwa tupa ya pembe tatu kama Mjomba, nyuma nikatengeneza pembe nne za kushikia. Halafu moto. Ya kwanza niliiharibu, nasema ukweli. Niliichovya kwenye maji kwa kuiinamisha, ikatoka imepinda kama ndizi. Ya pili nikaipaka sabuni ya kufulia isiunguzwe na hewa, nikaipasha taratibu mpaka ikawa nyekundu ya damu na sumaku ikaacha kuishika, hiyo sumaku ndo kipimo cha mtu asiye na tanuru la namba, nikaizamisha wima, moja kwa moja, bila kutikisa. Tupa ikaserereka juu yake kama kwenye kioo. Ikiwa hivyo ni ngumu lakini inavunjika kama biskuti, kwa hiyo unaing'arisha na unaipasha tena kidogo kidogo kutokea nyuma mpaka rangi ya manjano kama majani makavu ifike kwenye meno, kama digrii 230 hivi, unaitosa. Ikipita ikawa kahawia au zambarau umechelewa, rudia.

Sasa kuingiza. Msumari wenyewe unaingilia ndani ya bamba, na ndani ndo kulikopondwa. Ukianzia tapu hapo inakutana na nyuzi zilizovurugika kwanza, haina wa kuifuata, inaweza kuchagua njia yoyote. Nikaanzia nje. Uzi wa mkono wa kulia ni wa kulia ukiutazama upande wowote, jaribu kwa nati yoyote nyumbani uigeuze utaona bado inaingia. Kwa hiyo tapu ikashika zile tatu nzima, zikaiongoza, na ilipofika kwenye zile mbili ilikuwa tayari imeshanyooka, ikawa inarudisha chuma mahali pake badala ya kukata. Nilishika kwa vidole tu, sikuweka mpini. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta. Unasikia kwenye ncha za vidole kitu kama mchanga, halafu kinakatika, halafu laini. Kilichotoka ni vumbi jeusi na vipande viwili vidogo kama chumvi. Hakuna majani ya chai.

Msumari mpya ukaingia kwa ndani, nyuzi zote tano, bila kutikisika.

Mmoja ataniuliza sasa zile tapu za dukani hazina kazi? Zinayo. Baadhi ya bunduki za mwishoni mwa karne ya 19 unaweza kukutana na BA humo, na za mfano zinazotengenezwa leo Italia ni milimita tupu, hapo M5 ni sawa, usijitese. Kwa za katikati huwa natafuta kwa wauzaji wa vifaa vya injini ndogo za mfano, hawa watu wa treni ndogo za mvuke, wana familia yao ya nyuzi za 32 na 40 kwa inchi kwenye unene tofauti tofauti, umbo la Whitworth, na mara nyingi moja inakuwa jirani kabisa ya unachotafuta. Na kuna zile za 26 za bomba za shaba. Soko la mitumba la Jumapili asubuhi nalo usilidharau, huwa nanunua makopo ya tapu zisizo na maandishi kwa paundi mbili tatu, wauzaji wanadhani ni takataka kwa sababu hazina namba, mimi ndo hizo nazitaka, maana tapu isiyo na namba huenda imetengenezwa na mtu kwa ajili ya tundu fulani. Lakini ukinunua pima kwanza, kwenye dirisha, nyuzi kumi. Tundu lenye nyuzi tano unaweza kuvumilia tofauti ndogo sana. Lenye kumi halina huruma.

Na kama msumari hauna wa kufananisha nao kabisa, tundu tupu, basi nayeyusha nta ngumu namimina humo, ikipoa naitoa kwa kuizungusha napata umbo la uzi. Inavunjika mara mbili kati ya tatu. Ya tatu unapima.

Kichwa cha msumari kilinichukua jioni nzima kuliko tapu. Mfereji wa bisibisi wa zamani ni mwembamba sana, msumeno wa kawaida unaufanya mpana kama mdomo wa kiboko na mtu yeyote anayejua ataona ukiwa mlangoni. Nilikata kwa msumeno wa sonara. Rangi nikaipata kwa moto, nikauweka juu ya mchanga kwenye kikaango cha zamani mpaka ukapita manjano, kahawia, zambarau, ukaingia bluu ya bahari ya Raskazone saa kumi jioni, nikautoa.

Mzee alikuja Jumamosi. Nikafunga mtambo mbele yake, nikakaza wa nyuma, nikakaza wa mbele. Akainama akaangalia vichwa viwili. Wa nyuma mfereji wake umelala sawa na mtutu, kwenda mbele na kurudi nyuma, bunduki nzuri za huku zote zinafungwa hivyo. Wangu ulisimama kama mshale wa saa unaoonyesha saa nne badala ya saa sita. Hakusema kitu, aliniangalia tu, na mimi nikajua. Nikautoa tena. Sehemu ya sita ya mzunguko, kwa hatua ya 0.847, ni 0.14 ya milimita ya kupunguza chini ya kichwa. Nikapunguza 0.1, nikajaribu, saa tano na kidogo hivi. Nikapitisha tupa laini mara mbili, nikajaribu. Mara moja tena. Ukalala. Akatoa miwani akaifuta, akasema "hiyo sasa ndiyo," akanywa chai yake iliyokuwa imeshapoa.

Tapu nimeiweka kwenye boksi la kiberiti nimeandika juu "30, 4.85, anzia nje". Ni boksi la tisa hilo, na hakuna tapu mbili humo zinazofanana. Mzee kaniachia mtambo mwingine kwenye mfuko wa plastiki, wa gumegume, anasema hana haraka nao. Hauna msumari hata mmoja, na mtu alishaziba matundu yote mawili kwa solda.